Deni la siri la Msumbiji: kila siku Chang, yule benka wa London mbona hatumtaji?

Wakuu salaam,

Nimekaa na hili rohoni muda mrefu, leo nalitapika. Ikitajwa kashfa ya boti za jodari za Msumbiji, vijiweni ni "Chang, Chang, Chang". Sawa. Manuel Chang alikuwa waziri wa fedha, alisaini kwa siri dhamana za serikali za mikopo ya kununulia hizo boti na meli, na Januari 2025 kafungwa Marekani miaka 8 na nusu. Simtetei hata kidogo. Ila Andrew Pearse mnamjua?

Ni raia wa New Zealand aliyekuwa Credit Suisse, benki ya Uswisi, tawi la London. Mwaka 2013 kampuni ya kuunda meli ya Privinvest ilitaka mkopo wa Msumbiji upite, na ada ya benki ilikuwa dola milioni 49. Jamaa akaishusha hadi 38. Unadhani huruma? Ile milioni 11 iliyopungua, nusu yake ikawa cha juu chake! Yaani kaanza kwa kuiibia benki inayomlipa mshahara, ndipo akawageukia majirani zetu.

Na si umbea huu. 2019 alikiri mwenyewe mahakamani Brooklyn kwamba alivuta dola milioni 45 au zaidi. Wenzake wawili wa Credit Suisse, Surjan Singh na Detelina Subeva, nao wakakiri. Halafu kesho mtu mwenye tai atatuambia rushwa ni ugonjwa wa Mwafrika. Mxiuu.

Waliokopa ni kampuni tatu za serikali ya Msumbiji. Moja, EMATUM, peke yake ilikopa dola milioni 850 eti ikavue jodari. Boti zikaja, zikatia nanga Maputo, zikaota kutu. Mikopo yote mitatu ilivuka dola bilioni 2, na Bunge lao halikuidhinisha. 2016 ikafumuka, IMF na wafadhili wakafunga mkoba, pesa yao metikali ikaporomoka. Aliyelipia ni mama anayepima mchele kwa kikombe kule Pemba (ya Cabo Delgado, si ya karafuu).

Credit Suisse je? 2021 ilikubali kulipa karibu dola milioni 475 huko Marekani na Uingereza, ikaisamehe Msumbiji milioni 200. Mia mbili, kwenye bilioni mbili!

Wa mabenki mliomo humu nijibuni: wakaguzi wao walikuwa wapi? Maana mimi kukopa milioni mbili za madafu ninunue bodaboda, nimeombwa hati ya kiwanja, barua ya mtendaji na wadhamini wawili.