Tumeingizwa mjini huko milimani: balkoni ya kwenye picha si yetu, na maegesho "ya bure" yako kilomita 3 bondeni

Wakuu, habari za saa hizi. Mods, naomba uzi huu msiuunganishe na ule wa "sehemu nzuri za kwenda na mwenza wako". Ni kulekule nilikookota ushauri wa safari hii, na yaliyonikuta ndiyo haya.

Jina la mji silitaji, wala la nyumba tuliyofikia. Bado nafuatilia hela yangu, sitaki mtu aje aseme nimemchafulia biashara. Ila kama umewahi kwenda kwenye mojawapo ya hivi vimji vya watalii milimani msimu wa joto, soma polepole, huenda tulilala nyumba moja.

Mimi na mume wangu tumetimiza miaka 6 ya ndoa. Tukasema mwaka huu hatutaki ndege wala hoteli kubwa, tunajaza tanki, tunaendesha wenyewe, siku tatu za baridi nzuri na hewa safi. Chumba nilikibuki miezi mitatu kabla. Tangazo lilikuwa na picha ya balkoni ya mbao, viti viwili, mlima mbele umevaa theluji mpaka mabegani. Chini yake wameandika: maegesho bure, dakika 10 kutoka katikati ya mji, mandhari ya mlima. Nikalipa yote kwa mkupuo maana "zimebaki nafasi 2 tu". Kumbe hizo mbili hazijawahi kupungua. Nimeingia jana kuangalia, bado ni mbili.

Tulitoka saa 6 kasorobo mchana. Ramani ya simu inasema masaa 5, tukajua saa 11 jioni tunakunywa chai balkoni. Tulitumia masaa 9. Kilomita 60 za mwisho ni njia moja kwenda na moja kurudi, kona juu ya kona, na mbele yetu kuna mtu anavuta nyumba ya magurudumu kwa mwendo wa harusi. Kumpita huwezi. Mume wangu alikuwa ameshinda wiki nzima anaangalia video za ile barabara ya Stelvio kule Italia, yenye kona 48 upande mmoja kabla hujafika juu kwenye mita 2,757, basi akajiona naye ndiyo yuko huko. Kona zetu hata nusu ya hizo hazikufika. Gari likaanza kuvuta kama limefungwa kamba nyuma. Akalaumu mafuta tuliyojaza, akamaliza mafuta akalaumu sanduku langu. Nikamsomea kwenye simu kwamba injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, hewa ni nyepesi. Akanyamaza, ila sanduku hakulisamehe.

Hayo silalamiki. Masikio kuziba, pakiti ya krispi kuvimba kwenye dashibodi kama inataka kuzaa, kichwa kugonga usiku wa kwanza, maji kuchemka kwenye nyuzi 93 hivi badala ya 100 na viazi kugoma kuiva, yote hayo ni ya mwinuko na mlima namsamehe. Nilichokasirikia mimi ni ya watu. Maana kule kila ukiuliza kitu unajibiwa "mlima ndivyo ulivyo", kana kwamba mlima ndio ulioandika tangazo.

Tunafika saa 3 kasorobo usiku, kwenye mdomo wa mji kuna kizuizi. Kijana kavaa fulana ya kung'aa anatuuliza kibali. Kibali gani? Anasema msimu huu magari ya wageni hayaingii, yanalala uwanja wa chini, kilomita 3 nyuma tulikotoka. Nikampigia mwenye nyumba. "Ndiyo dada, maegesho ni bure kabisa, uwanja ni wa bure." Nikamuuliza, sasa tunapandaje? "Kuna basi dogo, zuri sana." Basi hilo la mwisho linaondoka saa 2 usiku.

Wakuu, sipingi mji kukataza magari. Zermatt kule Uswisi magari ya mafuta ya wageni hayaingii kabisa, unaacha lako Täsch unapanda treni, na hakuna anayelia, kwa sababu unajua kabla hujatoka kwako. Hallstatt ya Austria ina wakazi wasiofika 800, na siku za kilele wageni wanaingia hadi 10,000 kwa siku moja, wamefikia kuyapangia mabasi zamu za kuingia. Ninaelewa. Kamji kadogo, barabara moja, watu wanataka kulala. Ila niambie KABLA sijalipa. Neno moja tu kwenye tangazo, "maegesho yako kilomita 3 chini, basi la mwisho saa 2", ningetoka alfajiri. Hawaandiki kwa sababu wanajua ukiandika hivyo mtu anahamia tangazo linalofuata.

Basi tukapanda kwa miguu. Kule chini tuliacha nyuzi 32, mimi nimevaa kigauni cha mikono mifupi na kandambili, huku juu kipimo cha gari kabla hatujakizima kilisoma 9. (Najua, najua, hewa hupoa kama nyuzi 6 na nusu kila mita 1,000. Masweta yalikuwa kwenye sanduku. Sanduku ndilo tulilokuwa tunaburuza.) Barabara yao ni ya mawe ya kupanga, gurudumu moja la sanduku likang'oka nusu ya njia likabingirika kurudi bondeni. Tulilisikia tu, tak tak tak tak, mpaka likanyamaza. Mume wangu akabeba sanduku kichwani bila kusema neno, na mtu wa kelele akinyamaza namna ile ujue ameumia.

Chumba sasa. Balkoni ipo. Ni ya chumba cha juu yetu. Sisi tuna dirisha linalotazama ukuta wa jirani, naweza kuhesabu matofali nikiwa nimelala. Nikamuuliza mwenye nyumba asubuhi, mbona picha ni ya balkoni? Akasema picha ni "ya jengo". Na mandhari ya mlima? Akanipeleka mwenyewe hadi bafuni, akafungua kidirisha cha juu, akaniambia nipande kwenye kifuniko cha choo. Nikapanda, wakuu. Nikiwa nimeshika bomba la maji, shingo imepinda, nikauona mlima, kipande cha ukubwa wa kadi ya benki. Theluji hakuna, jiwe tupu la kijivu, maana picha ilipigwa msimu wa baridi. "Unauona?" ananiuliza kwa furaha kabisa. Nauona, kaka. Na zile "dakika 10 kutoka mjini" ni za kushuka. Kupanda ni 25, na unasimama mara tatu kuvuta pumzi.

Siku ya pili tukasema tusiharibu safari kwa ajili ya chumba. Tukaenda kukata tiketi za vile vibanda vinavyoning'inia kwenye waya hadi kileleni. Asubuhi zimejaa, dada wa dirishani akatupa za saa 8 mchana. Mbingu ilikuwa bluu haina hata doa. Saa 6 mawingu yakaanza kuota juu ya kilele kama uyoga, saa 7 na nusu radi, saa 8 vibanda vimesimamishwa. Mzee mmoja aliyekuwa anafagia pale akatuambia bila hata kutuangalia kwamba msimu wa joto karibu kila siku ni hivyo: jua linachoma miteremko asubuhi, hewa yenye unyevu inapanda, mchana inageuka ngurumo. Anayetaka kilele aende asubuhi. Sasa kama anayefagia anajua, anayeuza tiketi hajui? Kurudisha hela, hapana, "hali ya hewa haiko mikononi mwetu". Ya saa 8 mnaiuza ya nini? Kusimamisha vibanda kwenye radi ni sawa kabisa, nisingepanda hata kwa kusukumwa. Kuuza kiti ambacho unajua hakitaondoka, hiyo mimi naiita kwa jina lake.

Kurudi nako nusura tuachane. Mume wangu anashuka yule mlima kwa breki tupu, gia kubwa, mguu haubanduki. Nikamwambia baba, rudisha gia namba mbili, injini ikushikilie, mwinuko uliopanda na gia fulani shuka na gia hiyohiyo. Akanijibu anaendesha tangu sijapata leseni. Dakika kumi baadaye harufu ya kuungua imejaa ndani, na pedali ya breki inazama laini kama anakanyaga sponji. Tukapata kipande cha kuegesha pembeni kwa bahati ya Mungu. Alitaka kumwagia magurudumu maji ya kunywa, nikamzuia, diski ya moto vile ukiimwagia maji inaweza kupinda au kupasuka. Tukakaa karibu saa nzima juu ya jiwe tukisubiri zipoe, hatuongei. Na hapo ndipo, nawaambia ukweli, tuliona mlima mzuri kuliko wote wa safari nzima, na hatukuwa tumeulipia.

Nimefika nyumbani nikaandika maoni yangu kwenye tangazo lao, kwa adabu, na picha ya dirisha la bafuni. Baada ya siku mbili yametoweka, eti yanakiuka taratibu kwa "kuonyesha eneo la faragha". Choo chenyewe ndicho wanachokiuza kama mandhari! Wale wa programu ya kubuki wananiambia niongee na mwenye nyumba, mwenye nyumba ananiambia niongee na programu. Mpira wa kona.

Sasa naomba wenye uzoefu. Kuna aliyewahi kupeleka pingamizi benki kwa malipo ya kadi kwenye jambo kama hili, huduma isiyolingana na tangazo? Nina picha za tangazo nilizohifadhi kabla hawajabadilisha (ndiyo, wamebadilisha, sasa wameandika "maegesho ya bure karibu na mji"), nina ujumbe wote, nina picha ya matofali. Inachukua muda gani? Na wale wa kuniambia "mngepanda basi tu", tafadhali piteni kimya kimya, leo sina uvumilivu.

NYONGEZA, saa 4 usiku: Mwenye nyumba amenijibu. Hela harudishi. Anatupa punguzo la asilimia 10 tukirudi msimu wa theluji, "mje muuone mlima kama ulivyo kwenye picha". Nimemsomea mume wangu kwa sauti nikitegemea atachafukwa pamoja nami. Akafikiri kidogo, akaniuliza kama ni kile chumba cha juu.