Mrejesho: mama relé ashafika kwetu Kadutu, Bukavu

Bamama, niliwauliza kama nimfungulie mlango ule mama relé wa santé (mhudumu wa afya wa mtaa) anayepitia wazazi wapya, juu mama mkwe alisema anakuja kutuchunguza tu. Basi amekuja. Nyumba hata hakuiangalia, aliketi kwenye kitanda akasema nyonyesha nione, kumbe mtoto alikuwa anashika ncha tu ya titi ndo maana nilikuwa natoka damu, akanionyesha kungoja afungue kinywa wazi kabisa halafu namvuta, tumbo kwa tumbo. Maumivu yamepungua sana! Maji tumeacha kumpa mtoto, ni maziwa yangu tu mpaka miezi 6, mama mkwe amenuna (papa mtoto ndo anamtuliza). Mama relé atarudi kuangalia kitovu na kadi ya chanjo.