Mbwa wa mtaani Dodoma: tuwapige risasi au tuwachukue tuwafuge?

Wakuu habari. Juzi kwenye kikao cha mtaa huku Nzuguni kuna mzee kasimama kasema mbwa wanaozurura wapigwe risasi wote yaishe, watu wakapiga makofi. Mi nimepinga palepale na napinga hapa pia, tujadili.

Hofu yake naielewa. Kichaa cha mbwa dalili zikishaanza kwa binadamu hakuna kupona, na watoto ndo wanaong'atwa sana. Ila risasi haimalizi kitu, ukiwaua wa mtaa huu wanahamia wa mtaa wa pili ambao hawajachanjwa, tena unakuta umeua na waliokuwa wameshachanjwa. Shirika la Afya Duniani linasema chanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo, maambukizi yanakatika. Sasa mbwa asiye na mwenyewe nani atamkamata ampeleke siku ya chanjo? Ndo maana nasema wapate wenyewe.

Halafu tuulizane wametoka wapi hawa. Mtu anahamishwa kikazi, anapakia makochi kwenye fuso, mbwa anabaki getini. Jirani na kwetu kuna jike la kahawia liliachwa hivyo, mpangaji mpya halitaki ila usiku linalala palepale mlangoni, masikio yamejaa kupe, na mtu lisiyemjua akipita linabweka kulinda nyumba ambayo hata maji halipewi. Likizaa, vitoto vinawekwa kwenye kiroba vinatupwa korongoni macho hayajafunguka. Inauma jamani.

Na wakati huohuo mji unajengwa, Iyumbu, Nala, Mtumba huko, kila anayemaliza ukuta anatafuta jamanishefa, yule mbwa wa kizungu, kwa malaki, na manyoya yale kwenye jua hili. Mbwa koko kazaliwa humuhumu, ugali na dagaa vinamtosha, na kwa kubweka usiku hana mpinzani. Mchukue, daktari wa mifugo amchanje, ampe dawa ya minyoo, amhasi, na hilo la kuhasi msilidharau maana mimba ya mbwa ni miezi miwili tu. Ambaye dini yake haimruhusu kukaa na mbwa ndani, paka waliotupwa wapo kibao na panya wa magunia ya mahindi mnawajua.

Ninachotaka Jiji litenge banda la kuwapokea, wachanjwe, watu waje kuchagua. Arusha na Dar vituo vya hivyo vipo, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama tunayo toka 2008. Najua mtasema hela itoke wapi wakati zahanati zina shida zake. Mtu aking'atwa anachomwa sindano kadhaa, na gharama yake ni kubwa mbali kuliko kumchanja mbwa mmoja mara moja kwa mwaka, kwa hiyo hela inatoka tu, sema inatokea upande wa maumivu.

Mnaotaka bunduki nijibuni hilo la wanaohamia toka mtaa wa pili. Na kama kuna aliyemchukua mbwa mkubwa wa mtaani akatulia nyumbani kwake, aseme alimzoeshaje, maana hapo ndo wengi wanaogopa.