Naomba ushauri: kukagua mbegu za mihogo kwa akili bandia ya simu

Wakuu, wanaotumia programu za simu zinazotambua magonjwa ya mihogo kwa picha, naombeni msaada. Ugonjwa wa batobato si tatizo kuutambua: majani machanga ya juu hujikunja na kutoka mabaka ya njano, simu huyanasa. Kazi ipo kwenye ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Dalili zake hukaa majani ya chini yaliyokomaa, umanjano ukifuata mishipa ya jani, na jua la mchana huzifuta kabisa pichani. Kibaya zaidi, mizizi inaweza kuwa na uozo mkavu ilhali jani linaonekana safi. Hapo simu peke yake siiamini hata kidogo. Kabla ya kukata pingili (vipande vya shina vya kupanda, ndiyo mbegu yenyewe), mnapiga picha mashina mangapi kwa ekari, na mnang'oa mangapi kukagua mizizi?