Mrejesho: mizani ya maabara iliyokuwa haitulii (Tanga)

Waungwana, nimerudi. Mwezi uliopita niliuliza kuhusu mizani yetu ya maabara hapa Tanga, inayosoma hadi gramu 0.0001. Malori ya bandarini yakipita, tarakimu mbili za mwisho zilikuwa zinacheza tu.

Nilianza na ushauri wa kuihamisha. Tumeitoa ghorofani, katikati ya chumba, tukaishusha chini kwenye pembe ya kuta nene, bila meza kugusa ukuta. Hapo tu nafuu ilikuwa kubwa. Kisha fundi akatumwagia bamba la zege, kilo kama 60, tukalilaza juu ya vipande vya mpira wa tairi. Sponji ya godoro niliyoanza nayo ilinipotezea siku mbili: ukiegemea meza kidogo, mizani inayumba. Msiitumie. Sentrifuji, ile mashine ya kuzungusha sampuli kwa kasi ambayo nayo hutikisa, imehamia chumba cha pili, na mizani tuliihakiki upya kwa mawe yake.

Sasa inatulia, ila lori zito likipita tarakimu ya mwisho bado inaruka. Vipimo nyeti tunavifanya alfajiri.

Uliyesisitiza nihamishe kwanza kabla ya kununua chochote, Mungu akubariki sana. Umetuokolea pesa.