Skripti iliingia jana, leo inarudishwa mlangoni: msaada kwenye heda na kuki

fundi_bubu:
Wakuu, habari za saa hizi. Siku ya tatu hii nimekwama, hadi nimeanza kuota Set-Cookie (mstari ambao seva hutumia kukupa kuki, kile kitambulisho kidogo ambacho brauza hukihifadhi) usingizini.

Nina skripti ya Python, natumia requests (maktaba ya kutuma maombi kwa tovuti). Kazi yake ni kuingia kwenye akaunti yangu mwenyewe kila asubuhi na kushusha ripoti. Niliingia kwa mkono kwenye brauza, nikafungua kichupo cha Network, nikanakili heda zote za ombi (mistari ya maelezo inayoambatana nalo) nikazibandika kwenye skripti. Jana ilikwenda kama maji. Leo inaniletea ukurasa wa kuingia, tena kwa jibu la 200 (mambo sawa), si 401 wala 403 (umekataliwa)! Nywila ni sahihi, nimeikagua mpaka macho yakauma. Na mara nyingine nikichapisha jibu naona herufi za ajabu ajabu tu. Nimekosea wapi?

mla_baiti:
Pole mkuu. 200 isikudanganye. Tovuti nyingi ukikosea kuingia hukupa fomu ileile yenye maandishi mekundu, na kwa seva hilo ni jibu halali. Swali moja: kwenye heda ulizobandika, Cookie ilikuwemo?

fundi_bubu:
Ilikuwemo. Si ndiyo inayotakiwa?

mla_baiti:
Basi mchawi wako huyo. Skripti yako haijawahi kuingia hata siku moja. Jana ilipita kwa kuki ya brauza yako, ambayo sesheni yake (kipindi cha kuwa umeingia) ilikuwa bado hai. Leo imekufa, nawe unakwenda harusini na kadi ya juzi.

Halafu kuna ubaya wa pili ambao wengi hawaujui. Ukiandika Cookie kwa mkono kwenye heda, requests haigusi. Seva inakupa kuki mpya, inawekwa kwenye mtungi wa sesheni (hifadhi ya kuki ndani ya requests) vizuri, lakini kwenye ombi linalofuata inatumwa ile ya kwako ya zamani. Ikija 302 (seva inakuelekeza ukurasa mwingine), yako inatupwa na za mtungi ndizo zinatumwa. Kwa hiyo ndani ya safari moja seva inaona watu wawili. Futa huo mstari, tumia requests.Session() kuanzia ombi la kwanza hadi la mwisho.

kuku_wa_terminali:
Hizo herufi za ajabu ni Accept-Encoding. Brauza inaiambia seva inaelewa br (mgandamizo wa Brotli), nawe umenakili ahadi hiyo bila kuwa na maktaba ya kufungua mgandamizo huo. Iondoe, requests itaomba inachokiweza. Host na Content-Length nazo usizinakili, hesabu hiyo ifanywe na maktaba.

pita_njia:
Mnajisumbua bure. Tumia Selenium, maliza kazi.

kuku_wa_terminali:
Kufungua brauza nzima kwa ajili ya fomu ya sehemu mbili? Kama ukurasa unategemea JavaScript sawa, lakini hapa hatujafika huko.

fundi_bubu:
Nimefuta Cookie na Accept-Encoding. Herufi zimenyooka, ila sasa napata 403.

mla_baiti:
Hiyo ni hatua, usikate tamaa. Angalia HTML ya fomu, tafuta input ya hidden (sehemu ya fomu isiyoonekana). Kwenye Django (mfumo wa kujengea tovuti kwa Python) inaitwa csrfmiddlewaretoken, kwingine ina jina lingine. Tokeni hiyo (msimbo wa kuthibitisha fomu imetoka kwao) huwa imefungwa na kuki, kwa hiyo huwezi kuiandika mara moja ukaitumia milele. Anza na GET (ombi la kusoma) ya ukurasa wa kuingia, soma tokeni, kisha POST (ombi la kutuma fomu) kwa sesheni ileile ukiiambatanisha na jina na nywila. Tuma kwa data=, si json=, maana ukitumia json= Content-Type inabadilika na seva inayosubiri fomu haitaona kitu.

Kama ni Django kwenye https, weka na heda ya Referer (inayosema umetoka ukurasa gani) pia, huwa inakaguliwa. Na iandikwe hivyohivyo kwa r moja katikati. Kosa hilo la tahajia limo kwenye viwango vya HTTP tangu RFC 1945 ya mwaka 1996, ukilisahihisha unaharibu.

Ukitaka kuona kinachotokea, tuma POST na allow_redirects=False. Ukipata 302 yenye Set-Cookie mpya na Location (anwani unakoelekezwa) isiyokurudisha kwenye fomu, ujue umeingia.

dada_kodi:
Naongeza dogo: kabla ya yote uliza kama wana API (njia rasmi ya programu kuchukua data) na kama masharti yao yanaruhusu skripti. Na hifadhi kuki kwenye faili uzitumie hadi ziishe. Ukiingia upya kila dakika akaunti inaweza kufungwa, mimi yalinikuta.

fundi_bubu:
Imekubali! 302, kuki mpya, ripoti ipo kwenye folda. Tokeni ndiyo ilikuwa imebaki. API hawana, nimeshawauliza, wamesema mara moja kwa siku haina shida. mla_baiti, ubarikiwe. Yule wa Selenium naye asante, nilikuwa nimeshaanza kuisakinisha.

pita_njia:
😂😂 Isakinishe tu, utanikumbuka wakiweka captcha.