Naomba ushauri: mwinjilisti mwenye shaka, wazo hili la filamu linaaminika?

Habari zenu wapendwa. Naandika skripti kuhusu mwinjilisti wa Kilutheri, yaani mhudumu aliye chini ya mchungaji, anayeongoza mtaa mdogo (tawi la usharika) huko Machame, Kilimanjaro. Bintiye anafariki baada ya siku tatu za kufunga na kuomba, na Jumapili inayofuata anatakiwa kuongoza ibada. Anaiongoza. Haamini tena, lakini nyumba anayoishi ni ya usharika, na wajane wa mtaa wanamtegemea yeye, maana mchungaji hufika mara mojamoja kwa ajili ya Meza ya Bwana.

Nimekwama hapo. Sitaki mchungaji tapeli, tumeshawaona wengi. Wala sitaki muujiza wa dakika ya mwisho unaofuta msiba. Zaburi ya 88 inaishia gizani na bado imo katika Biblia. Nautamani ujasiri huo.

Shaka inaonekanaje bila kutamkwa? Nimefikiria awaombee wagonjwa wote, ila siku mkewe akiugua ashindwe kufumbua kinywa. Je, inatosha kubeba dakika 90? Na mliokulia nyumba ya mwinjilisti: wazee wa kanisa wangeanza kugundua kwa jambo gani? Babu yangu alikuwa mwinjilisti, sipendi kumvunjia heshima.